Kadi ya Kuku na Vifaranga

Nani alinituma nichague kuku? Karatasi zilikuwa tele: za korosho, za waridi, za mikufu. Mimi nikaona kuku tu.

Kazi yangu mwaka ule wa hamsini na saba ilikuwa kutengeneza kadi za sikukuu, chumbani kwangu Mtaa wa Narung'ombe. Nakata karatasi za maua kwa wembe, nabandika kwenye karatasi ngumu kwa gundi ya unga wa ngano, makarani wananunua kupelekea wachumba zao. Karatasi nilipewa na Girish, muuza kanga wa Mchafukoge. Zilikuwa sampuli anazoletewa na kiwanda ili achague, kabla kanga haijatiwa maneno. Nzuri kupita zote ilikuwa ya kuku mwekundu na vifaranga vyake. Hiyo sikuiuza, nilimtengenezea wifi yangu, Azza.

Azza nilikuwa namwogopa, nisidanganye. Kaka yake, mume wangu, alipofariki, alimchukua binti yangu Sofia, mtoto wa miaka mitano. "Atakaa kwangu mpaka utoke eda," alisema. Miezi minne na siku kumi nikakaa ndani, sijui la mjini wala la sokoni. Eda ikaisha, mtoto harudi. Leo ana homa, kesho amelala. Azza hakujaliwa kuzaa, na Sofia alishamnogea. Nikaona ugomvi haunifai, bora adabu. Ndani ya kadi nikaandika: "Wifi yangu, tusameheane. Naomba Sofia aje ale Idi kwangu." Asubuhi ya siku ya mwisho ya mfungo, Mzee Ubeid wa mtaani kwetu akaitia mfukoni mwake aipeleke.

Adhuhuri jirani yangu Paskalina akaingia kuazima kinu. Akaona vipande sakafuni.

"He! 'Kulea si Kuzaa' hii! Umeitoa wapi?"

"Kulea si kuzaa nini?"

"Kanga, mwenzangu! Ilitoka wewe umekaa eda. Mji mzima waliivaa, wanawake wakarushiana vijembe mpaka wakashikana. Mwenye mtoto wa kulea akiiona inapita, anafunga dirisha."

Mama yangu! Kanga ikishapata jina lake, nani anahitaji kusoma? Unauona mchoro tu, umeshatukanwa. Na Azza nimemfungia tusi kwenye bahasha, kesho Idi!

Nikajitupia buibui, nikatoka mbio kuelekea kwa Azza, Mchikichini. Watu wamejaa na vikapu vya sikukuu, napiga kumbo, naomba radhi, napiga kumbo tena. Njia nzima nasema peke yangu: ni bahati mbaya wifi, wallahi, sikujua. Karibu na soko nikakutana na Mzee Ubeid anarudi.

"Shikamoo mzee, kadi umeshaitoa?"

"Marahaba. Nimempa mkononi. Akaitoa kwenye bahasha, akaitazama picha ya juu tu, hata hakuifungua."

Nikakaza mwendo mpaka nikafika. Azza alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, kadi mkononi. Chini palikuwa na furushi la nguo. Sofia alikuwa kando yake, ameshavalishwa gauni jipya.

"Wifi, ile kadi…"

"Nimeielewa, Mwanamize." Hakufoka. Ningependa angefoka. "Umesema kweli, mimi sikuzaa. Mchukue mwanao, na usimrudishe."

Maneno yote yalikuwa tayari ulimini. Nikisema ni kosa, ataifungua kadi, atasoma ombi langu, na Sofia nitampata kwa siku moja ya Idi. Nikinyamaza, ni wangu moja kwa moja. Nilihofu ataifungua mwenyewe, palepale, mbele yangu.

Nikanyamaza. Mungu anisamehe, niliinama nikabeba furushi.

Sofia alikuwa ameshika upindo wa kanga ya Azza. Azza mwenyewe ndiye aliyemfungua vidole, kimoja kimoja, akaniwekea mkono wa mtoto mkononi. Tukaondoka. Nilitembea haraka, sikugeuka.

"Mbona Mama analia?" Sofia akaniuliza.

Mimi nilikuwa silii. Alikuwa anatazama nyuma.