Mgongo wa Padre

Barua mbili ziliingia wiki moja, na zote zilimlaumu mhariri mkuu kwa kosa lilelile lililogeuzwa miguu juu. Ya kwanza ilitoka ofisi ya askofu. Gazeti lenu, ilisema, linatukumbuka sisi Wakatoliki siku padre akifanya madudu tu. Dini nyingine mnazibembeleza. Ya pili ilitiwa saini na masheikh na wachungaji walioketi meza moja, jambo ambalo halitokei kila siku. Gazeti lenu, ilisema, limegeuka ubao wa matangazo wa kanisa moja. Askofu akipiga chafya mnampa ukurasa wa tatu, sisi mnatukumbuka sikukuu hadi sikukuu. Mhariri mkuu alizisoma zote mbili kwa sauti kwenye kikao cha asubuhi, akavua miwani, akafanya kama afanyavyo mtu asiyetaka ugomvi na yeyote. Aliagiza vipimo.

"Mama Gundi," alisema, "chukua rula yako. Pima habari za dini za miaka ishirini. Sentimita za Wakatoliki huku, sentimita za wengine kule. Jumanne nataka tarakimu mezani kwangu."

Mama Gundi ndiye aliyetunza maktaba ya gazeti, chumba cha chini chenye dirisha moja na rafu zilizopanda mpaka dari. Jina alilipata enzi za kukata habari kwa mkasi na kuzibandika kwenye majalada, wakati kompyuta ilikuwa moja tu katika jengo zima na mhasibu alikuwa akiifunika kwa kitambaa. Habari za dini alikuwa ameshazibandika zote, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo kazi haikuwa ya kumtoa roho. Alinoa penseli, akaanza.

Siku mbili za kwanza alicheka peke yake kama mwehu. Askofu kutoa maoni kuhusu bei ya sukari: sentimita sitini na picha juu. Msikiti kuchimba visima vitatu: sentimita nne, chini ya tangazo la magodoro. Padre kutoroka na mke wa katekista: ukurasa wa mbele siku tatu mfululizo, jina, parokia, mpaka rangi ya gari. Mchungaji wa kanisa jingine kufanya kioja kilekile mwezi uliofuata: "kiongozi mmoja wa dini", basi, hana jina wala kanisa. Na ugomvi mkubwa wa msikitini ambao mji mzima uliujua haukuwamo kabisa, kwa sababu chumba cha habari kiliogopa kuchokoza moto. Mama Gundi aliona kwamba kila upande ulikuwa na haki yake ya kununa, na kwamba waandishi wa gazeti lake, wanaojiita majasiri, walikuwa wakimgonga yule tu waliyezoea kumgonga.

Siku ya tatu alianza kuiona picha.

Si kwamba hakuijua. Aliijua kuliko mtu yeyote. Ilipigwa miaka ishirini na miwili iliyopita, siku kaka yake alipokuja kumwonyesha kanzu mpya baada ya kupata upadre. Alipokuwa akiondoka, anashika ushoroba kuelekea nje, mikono nyuma, rozari ikining'inia vidoleni, bega la kushoto limeshuka kidogo kama kawaida yake, mpiga picha wa gazeti akachomoza kutoka chumba chake akampiga kwa nyuma. Mpiga picha yule sasa ni marehemu. Ilikuwa picha nzuri, na dada mtu aliitia kwenye bahasha kwa mikono yake na kuandika juu: "Padre, uso hauonekani, inafaa kwa habari yoyote." Aliona fahari. Alidhani itatumika Krismasi.

Sasa alihesabu. Ilikuwa imetumika mara arobaini na moja. Mara tatu tu kwa habari njema. Zilizobaki zilikuwa uchafu mtupu: wizi, watoto, wanawake, vileo, na kumi na saba kati ya hizo hazikuwahusu Wakatoliki hata kidogo. Nabii aliyefungia waumini ndani. Mganga aliyejiita mtumishi wa Mungu. Shule ya bweni ya dhehebu jingine kabisa. Katika kila moja kaka yake alikuwa pale, akienda zake kwenye ushoroba ule, mgongo kwa msomaji.

Aliumia, na alijua anaumia kwa haki. Ya kwanza ile ya aibu, mwaka wa tatu tangu picha ipigwe, alikuwa ameiona asubuhi yake na moyo ukamchoma, lakini alijiambia kwamba uso hauonekani, nani atajua. Akaibandika.

Akazipanga zote sakafuni kufuata tarehe, apate kuzipima vizuri, na hapo ndipo rula ilipomtoka mkononi. Katika ile ya kwanza palikuwa na kisogo, kisogo tu. Katika ya kumi ncha ya sikio la kulia ilionekana. Katika ya ishirini sikio lote. Ya thelathini ilikuwa na ukingo wa shavu. Katika ile ya mwezi uliopita, iliyowekwa kwenye habari ya mganga, palikuwa na mkono wa miwani na mstari wa pua. Miguu ilikuwa palepale, rozari palepale. Kichwa kilikuwa kinageuka.

Alipanda ngazi na magazeti matano kwapani mpaka kwa msanifu kurasa, kijana mcheshi wa miaka thelathini na kitu ambaye siku zote alikula karanga juu ya kibodi.

"Hebu niangalizie. Kuna tofauti hapa?"

Msanifu aliangalia moja, ya pili, ya tatu. "Tofauti ya nini? Mgongo ni mgongo, Mama."

"Kichwa."

"Ni faili moja hilohilo. Mimi nalibonyeza tu, halijawahi kubadilika." Akamtazama vizuri. "Umekula leo?"

"Kwa nini mnaitumia hata kwa habari zisizo za Wakatoliki?"

"Ah, Mama Gundi nawe! Ukiweka mchungaji aliyevaa suti, msomaji anadhani ni benki. Ukiweka sheikh, simu zinapigwa mpaka usiku. Ukiweka hii, kila mtu anaelewa palepale kwamba ni dini na kuna jambo. Na hakuna anayelalamika, maana hana uso."

Aliporudi chini simu ilikuwa ikiita. Alikuwa kaka yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Wamenihamisha tena, mdogo wangu."

"Tena? Hata mwaka hujamaliza!"

"Hawasemi kitu. Askofu mwenyewe anasema hakuna malalamiko. Ni watu tu. Mwezi wa kwanza wananipokea kwa vigelegele, wa pili wanaanza kunikodolea macho. Mama mmoja juzi alimvuta mtoto wake wakati napita. Nilimuuliza, dada, nimekukosea nini? Akasema, hapana baba, ni kama nakufahamu kutoka mahali."

Mama Gundi aliketi juu ya majalada. Alitaka kumwambia palepale, akaishia kumuuliza kama amekula.

"Nitapita kwako Alhamisi nikiwa njiani," kaka yake alisema. "Angalau nione mtu anayenijua."

Jumanne alipeleka tarakimu. Mhariri mkuu alizipenda sana. Zilionyesha kwamba Wakatoliki walipata nafasi nyingi kuliko wote na aibu nyingi kuliko wote, na hilo lilimwezesha kumjibu kila mtu. "Tunaichapa Alhamisi," alisema, "ukurasa mzima. Kichwa: Tumejipima. Na ile picha ya padre katikati."

"Ile iondoeni, Mhariri. Isitumike tena."

"Kwa nini?"

Hapa ndipo alipokuwa na nafasi yake. Angesema neno moja tu, ni kaka yangu, na pengine yangekwisha. Lakini alikifahamu chumba kile cha habari kama afahamuvyo jiko lake. Pale huwezi kumtaja mtu bila kuulizwa amefanya nini, na kufikia saa sita mchana waandishi wawili wangekuwa tayari wanapiga simu parokiani kuuliza. Mama Gundi aliogopa.

"Imechakaa," alisema.

"Iliyochakaa ndiyo watu wanayoijua," mhariri mkuu akacheka, na tayari alikuwa anasoma kitu kingine.

Alhamisi alifika kazini mapema, akachukua gazeti la juu kwenye rundo pale mapokezi, akalifungua akiwa wima na mkoba begani. Kaka yake alikuwa amegeuka mzima. Mwili bado ulielekea kule mwisho wa ushoroba, mikono ileile imefungwa nyuma, lakini uso ulikuwa juu ya mgongo, unamtazama. Miwani ilikuwa ya kaka yake. Nyusi zilikuwa za kaka yake, nene, zinazokutana katikati. Ila ule ulikuwa uso wa mtu aliyeyafanya yale yote, thelathini na nane, moja baada ya jingine, na alikuwa anajua kwamba Mama Gundi anajua. Mlinzi wa mapokezi alimuuliza kama kuna msiba.

Kaka yake aliingia maktaba saa saba mchana, na sanduku dogo mkononi, amekonda. Mama Gundi hakumpa hata nafasi ya kuketi. Alimwaga yote: kanzu mpya, ushoroba, bahasha, maneno aliyoyaandika juu yake, miaka ya kunyamaza. Akamwekea magazeti mbele, akageukia dirisha kwa sababu hakutaka kumwona kaka yake na yule wa pichani kwa pamoja.

Kaka yake alipekua polepole, mpaka la mwisho.

"Ni mgongo tu," alisema hatimaye. "Katika yote. Mgongo wangu." Kisha akavua miwani, akajifuta macho, na alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Mdogo wangu, unajua nimesimama mbele ya vioo mara ngapi? Nilikuwa nikitafuta usoni kwangu kile wanachokiona. Nilifika mahali nikaanza kukiona. Kumbe ni picha!"

"Nisamehe, Kaka."

"Nimekusamehe. Yamekwisha. Mradi wewe unanijua." Akamwekea mkono begani, mkono uleule uliomlea tangu wazazi wao walipofariki, uliomfunga kamba za viatu na kumpeleka shule. Akatazama saa. "Basi langu linaondoka saa kumi. Yule mjukuu wako si anatoka chekechea saa nane? Acha nikamchukue, nimnunulie aiskrimu, nimfikishe nyumbani kwa mama yake. Nimuage kabla sijaenda huko mbali."

"Hapana, Kaka," alisema Mama Gundi. "Usijisumbue. Nitamfuata mwenyewe."

Ilikuwa imeshatoka. Aliisikia sauti yake mwenyewe, ya upole, ya haraka mno, na akaona kwamba amesogea hatua moja mpaka mbele ya meza, pale ilipokuwa picha ya mtoto kwenye fremu. Alimpenda kaka yake kuliko watu wote duniani. Na alikuwa hataki aende chekechea.

Kaka yake aliondoa mkono begani kwake, akavaa miwani, akainama kuchukua sanduku.

"Kuna mlango mwingine wa kutokea?" aliuliza. "Usiopita mbele za watu?"

Ulikuwapo, nyuma ya rafu za mwisho. Mama Gundi akamwonyesha.