Sufuria Mbili za Pasaka

Mectilda alikuwa katekista wa kigango kimoja huko Dirma, na mzee Isidori, mwenyekiti wa kigango hicho, alikuwa baba mkwe wake. Kwa Wairaqw, mke wa mwana aliyelelewa vizuri hampingi mkwewe hata kwa macho. Mectilda alilelewa vizuri.

Mwaka huo alimfundisha dini Mama Gidamis, mjane wa Kibarabaig mwenye vazi la ngozi ambalo hakuwa na mpango wa kulivua. Wengi walinung'unika. Makabila hayo mawili yameibiana ng'ombe tangu enzi za mababu, na kaka yake Isidori aliuawa kwa mkuki katika vurugu hizo. Lakini wakati wa ukame ni Mama Gidamis aliyewapa maziwa wajukuu wa Isidori, na tangu hapo mzee akawa hapiti kwake bila kuingia, kunywa na kupiga soga.

Mama Gidamis alibatizwa siku ya Pasaka. Padri alipoondoka kwenda kigango kingine, watu wakakaa uwanjani kula. Isidori alikuwa benchi moja na Mama Gidamis, bakuli la makande mkononi, wakati gari la wageni lilipoingia: ndugu zake Isidori kutoka Tlawi, wazee wazito kanisani. Mkubwa wao, Baltazar, alilitazama vazi la ngozi, akauliza kwa upole kama siku hizi Dirma watu wanakula na waliomuua ndugu yao.

Isidori aliinuka na bakuli lake, akahamia ng'ambo ya uwanja. Wengine wakamfuata, hata mume wa Mectilda. Kisha mzee akaagiza kinamama wabandike sufuria nyingine, ya wageni na Wairaqw peke yao. Mama Gidamis alibaki peke yake, nywele bado zimelowa maji ya ubatizo.

Kwaresima yote Mectilda aliwafundisha waumini habari za Antiokia: jinsi Petro, Myahudi, alivyokula na waamini wasio Wayahudi, kisha akajitenga walipofika watu kutoka Yerusalemu, mpaka Paulo akampinga uso kwa uso. Isidori mwenyewe alitikisa kichwa akimsikitikia Petro.

Mectilda akavuka uwanja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nenda jikoni."

"Baba, jana ulikunywa maziwa yake. Leo amekuwa dada yako, ndiyo unamkimbia?"

Isidori akamwambia, "Si wewe uliyemzika kaka yangu."

"Ni kweli, na sisemi usimlilie. Lakini Kristo aliubomoa ukuta wa Myahudi na asiye Myahudi kwa damu yake. Wewe unaujenga upya kwa sufuria. Mimi sipiki ya pili."

"Basi ukatekista wako umeishia hapa."

"Sawa, Baba. Ubatizo wake haujaishia hapa."

Akaenda jikoni, akaiepua ile sufuria na kumwaga maji yake, kisha akakaa na Mama Gidamis wakala bakuli moja. Mama mkwe wa Mectilda, Agatha, aliyekuwa akichochea moto, alipangusa mikono, akaja, akasema wamsogezee nafasi. Kinamama wengine wakafuata. Mume wa Mectilda alikuja mwisho, kichwa chini.

Isidori hakuja. Aliondoka na wageni wake, wana njaa.

Siku hizi Mectilda anafundisha dini kwenye boma la Mama Gidamis, na wanaokuja ni wa makabila yote mawili. Isidori akipita njiani, Mectilda humwamkia kwa heshima zote, kisha huendelea kufundisha.