Milango ya Saa Kumi

Mwalimu alikuwa anamenya viazi ndani ya gari lao lenye kitanda, miguu ikining'inia nje, milango ilipoanza kuchomoza kwenye mchanga wa ufuo. Ilikuwa saa kumi alasiri. Ilipanda taratibu na fremu zake, arobaini na mmoja kwa jumla, bila kuta wala mapaa, ikatanda kutoka bafu la kambi mpaka kwenye mawe.

Msimamizi wa kambi, mwanamke aliyeitwa Mama Funguo kwa mzigo uliokuwa kiunoni mwake, alishamweleza Mwalimu na mumewe asubuhi walipofika. Takataka pipa la kijani. Maji ya kuoga mwisho saa mbili. Milango hutoka saa kumi na kurudi chini jua likizama. Wageni wanaruhusiwa kuanika taulo. Wa saba unakwama, wasiulazimishe.

Kambi ilikuwa na nafasi sita tu za magari, na wao walipewa ya nne. Mlango mmoja, wa buluu iliyopauka, ulisimama shubiri moja mbele ya mlango wa gari lao. Anayetaka kutoka upande huo hana budi kupita humo. Mwalimu ni mtu wa adabu zake, akapiga hodi. Sauti ya mwanamke ikaitikia karibu. Akafungua, akapita, akajikuta kwenye mchanga uleule, sufuria ya viazi mkononi, ila kwa karibu sana alisikia mtu akiosha vyombo. Akaona hapana ubaya.

Mumewe hakupita. Alipiga hodi, hakujibiwa. Akajaribu kitasa mara mbili, kikagoma. Akarudi ndani, akatambaa juu ya gia, akatokea upande wa dereva, mzee wa miaka sitini na tisa mwenye nyonga mbovu. Mwalimu alimcheka mpaka akajifuta machozi. Mumewe hakucheka, naye ni mtu anayecheka hata kwenye kiti cha daktari wa meno.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Ya tatu, akasusa chakula. Mwalimu akamwambia aseme linalomsumbua au wawashe gari waondoke. Basi akavuta kutoka chini ya kitanda kisanduku cha bati ambacho mkewe, kwa miaka thelathini na minane, aliamini kimejaa skrubu. Ndani mlikuwa na daftari la vipimo.

Kwamba mumewe alikuwa mpima ardhi, Mwalimu alijua. Hakujua kwamba ufuo huu aliupima yeye. Mpaka wa ufuo, alieleza, hupimwa pale maji yanapofika siku za kawaida. Yeye aliupima siku ya bamvua, maji yanapopanda kupita siku zote. Kwenye ramani, nyumba arobaini na moja zikaonekana zimejengwa baharini. Zikabomolewa.

"Si ungesubiri siku chache?" Mwalimu aliuliza.

"Nilikuwa nawahi harusi."

"Harusi ya nani?"

Mumewe alimtazama.

"Yetu."

Mwalimu akaweka chini kisu cha kumenyea. Alimkasirikia, kisha akajikasirikia mwenyewe, maana aliikumbuka vizuri barua aliyomwandikia wiki ile: akichelewa hata siku moja, asije kabisa. Wakati ule aliiona barua tamu. Alikuwa amemsomea shoga yake kabla ya kuituma.

Asubuhi walimwita Mama Funguo wakamwonyesha daftari. Mlango wa saba ulikuwa wa nyumba ya mama yake, na alikuwa ameomba kazi ya kambi ili awe anaupaka mafuta bawaba. Alifunga bafu, akapanda kiti cha mbele, wakaenda watatu mpaka ofisi ya ardhi.

Ofisa aliwapokea vizuri. Alilisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akausifu mwandiko, akakubali kwamba mstari ulikosewa, tena kwa mita sitini na mbili. Akaligonga muhuri wa kupokelewa. Kisha akasema muda wa kusahihisha mpaka ni miezi kumi na miwili tangu ramani itolewe, na akawafungulia feni wakati wakikusanya vitu vyao. Mama Funguo alimshukuru. Njiani aliomba wasimame anunue mafuta ya bawaba.

Saa kumi milango ikatoka. Mwalimu alisimama kwenye mlango wa gari, akapiga hodi.

"Karibu."

Safari hii hakushika kitasa. Alisimulia yote palepale: bamvua, mstari, barua, ofisi. Aliona aibu, na hakuificha. Vyombo vilinyamaza. Wageni wa nafasi ya pili walikuja wakaanika taulo mlango wa jirani, wakaondoka.

"Na hiyo harusi," sauti iliuliza hatimaye, "ilikuwaje?"

Mwalimu angependa sana kusema ilinyesha mvua, chakula kiliungua, watu hawakuja.

"Ilifana," alisema.

"Haya," ilijibu sauti. "Pita, mwenzangu."

Vyombo vikaendelea kuoshwa. Mwalimu akafungua, akapita, mlango ukajifunga. Mumewe, aliyekuwa nyuma yake, akajaribu kitasa mara moja tu, kisha akageuka na kuanza kutambaa juu ya gia.