Siri za Mheshimiwa

Siku ya kwanza ya muhula mwalimu mkuu alinivuta kando, karibu na kabati la gundi na makasi, akanikumbusha kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Kwa watoto, wewe huna lugha nyingine. Wakikuomba maji kwa lugha yetu, hujasikia. Wakilia kwa lugha yetu, hujasikia." Nikasema sawa. Ningesema nini? Nilikuwa naanza mwaka wa tatu, na kila muhula hotuba ni hiyohiyo, utadhani mimi ndiye mwenye miaka minne.

Sababu yake naijua. Mtoto akishagundua kwamba mwalimu anaelewa lugha ya nyumbani, hatajisumbua na Kiingereza. Wazazi nao wameahidiwa mwalimu wa kutoka nje asiyejua hata kusema asante ya pale, na ndiyo sifa kubwa ya shule. Haya. Tatizo ni kwamba mtu ukinyamazishwa miaka miwili, masikio yanafanya kazi mara mbili. Hakuna aliyenifundisha. Nilimsikiliza yaya wa darasa akigombeza watoto, nikasikiliza katuni kwenye televisheni ya chumbani kwangu, nikasikiliza majirani wakizozana kwenye ngazi, mpaka siku moja nikajikuta nacheka mzaha wa muuza mkate kabla hajaumaliza. Nikajifanya nimepaliwa. Wazazi wa shule wananunua mkate palepale, jamani, na umbea hauna likizo.

Basi nikawa bubu mpaka mtaani. Nanunua vitu kwa kuonyesha kidole. Jumapili mchana dada yangu mkubwa ananipigia simu, na kwa nusu saa naongea mpaka taya zinauma. "Wewe mtoto, hebu pumua," ananiambia. "Huko hakuna watu?" Watu wapo, tena wamejaa tele. Ila tukishaagana, ukiacha "ndiyo, mwalimu mkuu", sisemi jambo la maana na mtu mpaka Jumapili nyingine.

Muhula ule nilipewa watoto kumi na sita. Mmoja, msichana, nilimwita Mheshimiwa kimoyomoyo, maana siku ya kwanza, wenzake wakigaagaa mlangoni kwa kilio, yeye aliingia mikono nyuma, akakagua madirisha, akakagua sinki, akaguna, akakaa. Kiingereza hakukitaka kabisa. Nyimbo hakuimba. Alipenda mchezo mmoja tu, ule wa kutembea na kusimama: nikisema tembea, wanatembea; nikisema simama, wanaganda kama nguzo mpaka niwaachilie. Hapo alikuwa bingwa. Nzi angetua puani pake asingepepesa jicho.

Baada ya chakula watoto hulala saa nzima kwenye vigodoro. Yaya huenda kuosha vikombe, mimi nabaki kuwalinda. Siku ya tatu Mheshimiwa aliburuta kigodoro chake mpaka miguuni pangu, akanitazama usoni kwa muda, kisha akaniuliza kwa lugha yake: "Wewe huelewi kitu, eti?"

Nikautazama ukuta kwa sura ya kijinga kabisa.

"Vizuri," akasema. Akaanza.

Aliniambia amekula chaki ya buluu na haina ladha. Aliniambia shangazi yake, dada wa baba, anayemlea, anakoroma halafu anakataa. Baba yake huwa analia bafuni na anafungua bomba ili asisikike, lakini bomba lenyewe linatoa maji kidogo. Mama yake amekwenda kazini kwa basi la kijani, siku nyingi, kumi au mia moja. Soksi moja ya mama ameificha ndani ya foronya, na shangazi akiipata ataifua, na akiifua basi itaharibika. Kesho yake akaendelea alipoishia. Na keshokutwa. Nilijifunza kuuma shavu kwa ndani ili nisicheke, na kuna siku niliuma kwa sababu nyingine.

Sijui nisemeje bila kujiaibisha. Mtoto yule ndiye mtu pekee aliyekuwa anaongea nami. Niliamka asubuhi nikiisubiri saa saba mchana kama mtu anayesubiri mgeni. Nilipomwambia dada, alicheka mpaka akakohoa. "Yaani umekwenda huko kote, ukapata rafiki wa miaka minne!"

"Na hajui kama namwelewa," nikasema.

Dada akaacha kucheka. "Basi siku akijua, umemkosa," akasema. Nilimkasirikia. Nikamwambia nina nguo za kufua, nikakata simu kabla ya nusu saa yetu kwisha.

Wiki ya tano, wakati wa kwenda nyumbani, shangazi yake alisimama nami getini, mimi nimeshika begi la mtoto, akipiga soga na mama mwingine. "Harudi yule," akasema. "Ameshaolewa hukohuko alikokwenda. Mtoto tumemwambia yuko kazini. Atasahau."

Yule mama akanionyesha kwa jicho.

"Huyu?" Shangazi akacheka. "Huyu ni kama kiti."

Nikawatabasamia wote wawili. Kiti kinachotabasamu hakikuwashangaza. Nilitembea mpaka chumbani kwangu nikiwa nimekunja ngumi mfukoni, na sikujua nimemkasirikia nani hasa, wao au mimi.

Jumatatu yake, saa saba, Mheshimiwa hakulala chini. Alikaa, viatu viko miguuni. "Leo naenda kwa mama," akaniambia. "Jioni mlango wa jikoni haufungwi, mpishi anatoa ndoo za maganda. Basi la kijani linasimama ng'ambo ya barabara. Usimwambie mtu." Kisha akajicheka mwenyewe. "Aa, wewe huwezi."

Nilikuwa na kazi ndogo tu. Kuinuka, kwenda kwenye sinki, kumwambia yaya sentensi mbili kwa lugha yake. Sikuinuka. Nilijiambia: nitamshika mkono mpaka shangazi afike, yaishe, hakuna atakayejua, na kesho saa saba ataburuta kigodoro chake aje. Naona aibu kulisema hili. Ningeweza kudai kwamba nilihofia kazi, na watu wangenielewa. Kazi sikuiwaza hata kidogo. Nilichoogopa ni kukaa saa nzima kwenye kile kiti bila mtu wa kuniongelesha.

Na kweli nilimshika mkono. Tulisimama uani, mkono wake umelowa jasho ndani ya wangu. Ndipo akaja baba mmoja kuulizia koti la mwanawe. Alinisemesha kwa sauti kubwa na polepole, kama unavyomsemesha bibi kiziwi. Nilimwelewa tangu neno la kwanza. Koti lilikuwa kwenye msumari wa tatu. Lakini ilibidi nisubiri anichoree koti hewani, mikono, kola, vifungo kimoja kimoja, Mungu wangu, nami nichore hewani kumjibu, mlango, ukuta, msumari. Nilichora kwa mikono miwili. Nilipotazama chini, Mheshimiwa hayupo.

Nilipita jikoni mbio, nikapiga ndoo teke, mpishi akatukana, nikatokea nyuma. Yuko barabarani. Ameshashuka ukingoni, mikono nyuma, anakwenda zake kwa heshima zote, na ng'ambo basi la kijani limefungua mlango. Upande wa kulia lilikuwa linakuja lori.

Nikapiga kelele kwa Kiingereza: simama!

Akasimama. Aliganda katikati ya barabara, mguu mmoja juu, macho mbele, hapepesi, anangoja nimwachilie. Kumbe nilimfundisha vizuri mno.

Kiingereza chote kikanitoka kichwani. Nikamfokea kwa lugha yake, kwa sauti ileile ya yaya: "Kimbia! Rudi hapa! Mama yako hayuko kwenye hilo basi!"

Akageuka, akakimbia. Lori likapita na honi yake ndefu, vumbi likatujaa machoni. Nilikuwa nimemkumbatia, na mdomo haufungiki. Maneno ya miaka miwili yalimwagika yote: usirudie, unanisikia, usirudie tena, baba yako ningemwambia nini, wewe mtoto unataka kuniua. Yeye hakulia. Alikuwa anatazama midomo yangu.

"Unaelewa," akasema.

"Naelewa."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akafikiri kidogo. "Mama yuko wapi?"

"Sijui," nikasema.

"Unajua," akasema, akajitoa mikononi mwangu.

Sikufukuzwa. Yule baba wa koti alikuwa ameona mwisho wa mambo, akawaeleza wazazi wenzake kwamba mwalimu wa Kiingereza ameokoa mtoto, tena kwa kumfokea kwa lugha yao. Mlango wa jikoni ukatiwa komeo siku hiyohiyo. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanitazama sana. "Tutasema ulifundishwa maneno matano ya hatari," akaamua. "Zaidi ya hayo, hujui." Nikamwambia kuna jambo baba wa yule mtoto inampasa amweleze mwanawe mwenyewe, kwa kinywa chake, tena upesi. Akaniuliza ni jambo gani, na nimelisikia wapi. Nikamweleza. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema ataongea naye.

Kesho yake saa saba Mheshimiwa alitandika kigodoro chake mwisho wa chumba, chini ya dirisha. Nilimngoja. Yaya alipokwenda kwenye vikombe, nikapiga magoti karibu yake, nikamnong'oneza kwa lugha yake kwamba naomba msamaha, kwamba anaweza kuniambia chochote, kwamba na mimi hapa sina mtu. Nilisema hivyo, kwa mtoto wa miaka minne.

Akaniwekea kidole mdomoni. "Wewe hujui," akanikumbusha. "Wamesema nyumbani. Unajua maneno matano." Akageukia ukutani.

Dada alipopiga Jumapili, akaniuliza rafiki yangu mzima? Nikamwambia mzima, anakua.

Wiki mbili baadaye tulifika kwenye somo la familia, lenye kadi zake za picha. Mwalimu mkuu aliingia kutukagua, na kwa sababu alikuwa amesikia kwamba Mheshimiwa ameanza kujaribu Kiingereza, akachukua picha ya mama kwenye rundo na kumwonyesha yeye, kati ya watoto wote. Nikataka kumpokonya. Mheshimiwa akainuka, mikono nyuma, akaitazama ile picha, akajibu kwa Kiingereza, sentensi nzima, kila neno mahali pake: huyu ni mama, mama hayupo nyumbani. Alimjibu mwalimu mkuu. Mimi hakunitazama.

"Amefunguka!" mwalimu mkuu akaniambia, macho yanang'aa. "Hongera sana. Unaona sasa faida ya utaratibu wetu?"

Nikapiga makofi, na watoto wote wakapiga makofi, maana ndivyo tunavyofanya mtoto akijibu vizuri.