Moduli ya Nyuso

Jumatatu moja ya mwaka 1998, Deodatha, karani wa ofisi ya orodha ya wageni mjini Kayanga, aliwasha kompyuta akakuta majina yote yapo, picha hakuna hata moja. Ijumaa fundi Ildefonsi alikuwa ameiwekea kiini kipya cha Linux, ile programu inayoiendesha mashine. Ijumaa hiyohiyo watu arobaini na mmoja wa orodha ile walipotewa na nyuso.

Palipokuwa na macho na pua palibaki ngozi tupu, na sauti zilitoka kama kawaida. Sokoni walitambuliwa kwa kanga na mwendo, wakasalimiwa. Wenyewe waliogopa, ingawa baadhi walinong'ona kwamba afadhali. Lori la kuwafukuza nchini na kuwavusha mpaka lilikuwa linakuja Alhamisi, na askari hapandishi mtu asiye na uso wa kulinganisha na picha.

Ildefonsi aliipakia moduli ya kadi ya picha, kipande cha programu kinachoiwezesha kompyuta kuonyesha picha, ikakataa. Ilitengenezwa kwa kiini cha zamani, na hiki kipya hakikuitambua. Dawa aliijua: kuijenga upya, kazi ya saa mbili. Alimwambia Deodatha kwamba tatizo ni kubwa, akidanganya ili lori liwakose watu wale.

Jumatano akaingia Mukabera, mmoja wa wale wasio na uso, kutoka kijiji cha Mabira, upande huu wa mpaka. Alizaliwa hukohuko Mabira, kwenye migomba aliyoipanda baba yake. Lakini baba alitoka Rwanda, basi orodha ilimwita binti mgeni. Mkono mtupu haulambwi, naye alileta kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye ganda la mgomba. Kwa mazoea ya kwao, Ildefonsi alitia punje mbili mdomoni kabla ya kuuliza shida. Kosa lake ndilo hilo. Huku, ukishatafuna kahawa ya mtu, humnyimi neno lake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Nirudishie uso. Mwanangu ananikimbia, hataki ziwa. Siku ya sita leo, anakonda."

"Akikuona mwanao, na wenye lori watakuona."

"Najua. Naogopa. Lakini nifanyeje, baba?"

Ildefonsi alimeza kahawa, akavuta kiti, akaanza kuijenga moduli upya. Saa nane mchana moduli ilipakiwa bila neno. Picha zilijaa kwenye kioo, na nyuso zote arobaini na moja zikarudi mahali pake. Mtoto aliletwa kutoka kwa jirani aliyekuwa akingoja nje. Alimtazama mama, akanyonya palepale kwenye benchi la ofisi, na fundi akageukia ukutani kwa sababu alikuwa analia.

Alhamisi lori liliwahi. Deodatha alisimama na karatasi zenye picha, akilinganisha mmoja mmoja.

"Dada, mimi nimezaliwa Mabira," alisema Mukabera.

"Hapa wanataka picha tu, mama Mabira."

Picha na uso vilifanana vizuri. Mtoto hakuwamo kwenye orodha, ila aliruhusiwa kupanda kwa sababu alikuwa bado ananyonya.