Mheshimiwa Alipooga na Marehemu

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe mosi Julai 1939, jioni, pale Mheshimiwa Hyrkäs alipokataa kushuka kwenye benchi la sauna, kibanda cha kuogea mvuke.

Mpaka hapo siku ilikuwa inakwenda vizuri, kama siku nyingine yoyote ya kudanganywa. Uchaguzi wa Bunge ulikuwa wa siku mbili, na sanduku la kura lilikaa ndani ya shule ya Haukivaara, karibu na jiko, likilindwa na Mwalimu Tolonen, mwenyekiti wa kamati, aliyesinzia kwa heshima zote. Watu walivaa nguo za kanisani. Uani palikuwa na kahawa. Magazeti yalisema huko Ulaya mambo yanachafuka, lakini Ulaya ilikuwa mbali, na wagombea wote walikubaliana kwamba vita vitabaki huko huko.

Tahvo Määttä, mgane wa pale karibu na shule, alikuwa bado hajapiga kura. Alikuwa ameiweka mpaka Jumapili. Hakuwa na la kufikiria, alitaka tu kuwanyima raha wakubwa kwa siku moja zaidi.

Sababu yake ilikuwa daraja. Kijiji kilikuwa ng'ambo ya mto, na kila baada ya miaka mitatu Hyrkäs alivuka kwa mashua kuja kuahidi daraja, akapigiwa makofi, akavushwa tena kurudi. Hilppa, mke wa Tahvo, alishikwa na tumbo majira ya kuchipua, wakati barafu ya mto inapokatika na hakuna mguu wala mashua inayopita. Alilala siku nzima ukingoni juu ya kigari cha nyasi. Daktari alikuja upande wa pili na gari lake, wakaonana vizuri kabisa. Alikuwa mtu mwenye adabu. Hilppa alipokata roho, alivua kofia. Hyrkäs alituma pole na kusema daraja limo kwenye mipango.

Jioni hiyo ya kura aliyemvusha mheshimiwa alikuwa Oiva, mtoto pekee wa Tahvo. Oiva alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikwisha kumaliza jeshi. Sheria ilimwona mkubwa wa kubeba bunduki, ila penseli ya kura ilikuwa nzito kwake mpaka atimize ishirini na nne. Basi alipiga makasia.

"Nasikia sauna ya mzee wako haina mpinzani," Hyrkäs alimwambia.

"Haina. Ila mzee mwenyewe ana ulimi."

"Wapiga kura wote wana ulimi, kijana wangu. Ndiyo maana tunaoga nao."

Mgeni akiomba kuoga huwezi kumnyima, hata kama unamtamani mtoni. Tahvo na mgeni wake wakakaa benchi la juu, uchi wote wawili, wakijichapa kwa mafagio ya majani mabichi, na Hyrkäs akaeleza mipango. Walio hai wakimaliza, utaratibu wa Haukivaara ni mmoja: unamwaga kata ya mwisho juu ya mawe ya moto, unaacha ndoo na taulo, unafunga mlango na kwenda zako. Mvuke ule ni wa marehemu. Hilppa alikuwa akija kila Jumamosi. Tahvo alikuwa akikaa chumba cha kuvulia nguo, wakiongea kupitia mlangoni habari za ng'ombe.

"Tushuke, mheshimiwa," Tahvo alisema. "Sasa ni zamu ya wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Marehemu."

"Waache waje, mzee. Mimi simbagui mtu siku ya kura." Akanyoosha miguu, akaomba kata nyingine.

Tahvo akaimwaga. Mlango ukafunguka.

Hilppa aliingia kwanza kama kawaida, akamsalimia mgeni bila uchangamfu. Nyuma yake wakaingia vijana. Walijaza benchi la chini, wakajaza sakafu, na wengine wakabaki wamesimama mlangoni. Walikuwa na nguo zao zote mwilini, na mabegani walikuwa na theluji, ambayo haikuyeyuka ingawa mawe yalikuwa yanachemka.

"Baba Oiva, nimewaambia wavue viatu," Hilppa alisema. "Wanasema vimegandia miguuni."

Hyrkäs alijifunika kwa fagio la majani na kuanza kuwapa mikono. Ilikuwa mazoea. Kila mmoja alimuuliza ni mtoto wa nani, akasema baba yake anamfahamu sana. Tahvo naye aliwafahamu. Mchana ule ule alikuwa amewaona uani kwa shule wakinywa kahawa, wawili kati yao wakiwa watoto wa Mwalimu Tolonen. Wa mwisho, karibu na mlango, alikuwa Oiva. Alikuwa amevaa koti la kahawia la Tahvo mwenyewe, lenye kiraka cha Hilppa kwenye kiwiko, ambalo wakati huo lilikuwa limetundikwa msumarini ndani ya nyumba. Kiunoni alikuwa na mkanda wa jeshi na kwenye kofia beji ya jeshi. Vingine vyote vilitoka nyumbani. Nje, kupitia kidirisha, yule Oiva mwingine, aliye hai, alionekana akichota maji yaliyoingia ndani ya mashua huku akipiga mluzi.

"Vijana hawa wanatoka wapi?" Hyrkäs aliuliza.

"Desemba," Hilppa alijibu.

"Desemba ipi?"

"Hii inayokuja."

Hyrkäs alifikiri kidogo. "Basi hiyo ni baada ya uchaguzi," alisema, na uso wake ukapata nafuu.

Akawahutubia. Aliwaeleza kwa kirefu kwamba vita havitakuwepo, kwamba jirani wa mashariki ni mtu wa kuzungumza naye, na kwamba anayezungumzia vita anawatisha ng'ombe na wawekezaji. Walimsikiliza kwa adabu. Mmoja mwenye tundu kifuani alitikisa kichwa kukubali. Mwishowe mheshimiwa akauliza ni wangapi atawaona kesho kwenye sanduku, na Hilppa akamjulisha kwamba hakuna hata mmoja aliyefika ishirini na nne. Hyrkäs alikuwa ameshika mkono wa Oiva. Akauachia.

"Huyo amevaa koti langu," Tahvo alisema. "Kwani serikali haina koti?"

"Serikali imempa mkanda na beji, mzee Tahvo. Suala la nguo liko kwenye mipango."

"Pamoja na daraja."

"Pamoja na daraja."

Tahvo hakuwa mtu wa kuomba, lakini mtoto alikuwa naye mmoja. Alimwambia Hyrkäs kwamba kesho atakaposimama uani kwa shule awaambie watu alichokiona humu, wote walio na watoto wasikie, ili serikali huko Helsinki ipate la kufanya kabla ya Desemba. Akifanya hivyo, kura ya Tahvo ni yake.

Hyrkäs aliweka mkono kifuani, juu ya jani lililokuwa limemganda. "Nitawaambia neno kwa neno."

Jumapili Tahvo alipiga kura mapema, akampa Hyrkäs. Hotuba ilikuwa baadaye. Mheshimiwa alisema uchumi unapanda na amani imeshika mizizi. Kisha akasema, na hapa alimtazama Tahvo kwa upendo, kwamba jana alioga na vijana wa Haukivaara, akawakuta wametulia, hawana lalamiko hata moja. Watu walipiga makofi. Mwalimu Tolonen alipiga makofi kuliko wote, kwa kuwa aliona watoto wake wamesifiwa.

Tahvo alitoka pale akaenda moja kwa moja nyumbani, akachukua lile koti msumarini na kulitupa kwenye maporomoko ya mto. Aliona kama koti halipo, na marehemu wa kulivaa hatakuwepo.

Jumamosi iliyofuata Hilppa alikuja na vijana wake kama kawaida. Oiva aliingia na sweta tupu. Midomo yake ilikuwa ya bluu, na alikaa amekumbatia mawe ya jiko.

"Umemfanya nini mtoto, Baba Oiva?" Hilppa aliuliza.

Tahvo aliufuata mto kuelekea chini, akalikuta koti limenasa kwenye jiwe. Alilikausha juani, akashona mfuko uliochanika, akalitundika tena msumarini. Yule Oiva aliye hai alimuuliza kwa nini limesinyaa. Akamwambia ni umri.

Oktoba wanaume waliitwa, wakaambiwa ni mafunzo tu. Jeshi lilitaka kuvusha mizinga, kwa hiyo lilijenga daraja. Lilichukua wiki mbili. Oiva alikuwa wa kwanza kijijini kulivuka, na koti la baba yake mwilini, mkanda na beji juu yake. Katikati ya daraja alirukaruka kidogo kulipima, akageuka kucheka. Desemba jeshi lile lile lililipua daraja hilo, adui asipite.

Tangu Desemba hiyo Oiva alibaki mmoja, yule wa mvuke. Jumamosi alikuja akavua viatu mlangoni, maana mama yake alikuwa amesimama pale. Mwalimu Tolonen naye alianza kuja kukaa na Tahvo chumba cha kuvulia nguo. Hotuba ile hakuitaja tena.

"Baba," Oiva alisema jioni moja kupitia mlangoni, "uchaguzi ujao ni wa mwaka arobaini na mbili. Ningekuwa nimeshatimiza umri. Huku miaka inaendelea kuhesabiwa au imesimama?"

Tahvo alilifikisha swali kwa Hyrkäs, ambaye alilipokea kwa uzito na kulipeleka kwenye kamati. Mwaka arobaini na mbili haukuwa na uchaguzi, kwa sababu ya vita. Hyrkäs alichaguliwa kwa miaka mitatu, akakaa karibu sita, na hakuna aliyemwona akihangaika. Vita vilipokwisha, wakubwa walikuwa wameona aibu kidogo, wakashusha umri wa kura kutoka ishirini na nne hadi ishirini na moja.

Machi 1945 Hyrkäs alivuka barafu kwa sleji ya kuvutwa na farasi kuja kuahidi daraja. Aliogeshwa, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Safari hii alishuka benchini mapema, akisema moyo wake hautaki joto. Tahvo akamwaga kata ya mwisho, akafunga mlango. Hapo chumba cha kuvulia nguo Mwalimu Tolonen alikuwa amekaa pembeni na taulo magotini. Hyrkäs alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu.

"Mheshimiwa," sauti ya Oiva ilitoka ndani ya mvuke, "nasikia sasa ni ishirini na moja. Mimi nilikuja huku na ishirini na mbili. Kwa hiyo miaka iwe inahesabiwa au iwe imesimama, haki yetu tumeshaipata. Sanduku letu mtaliweka wapi?"