Nywele za Shekinah

Tangu Shekinah aliporudi kutoka Kalembe peke yake, amevaa koti la baba yake, hakuna aliyeisikia tena sauti yake.

Walikuwa wameenda, yeye na baba yake Nsengimana, kung'oa maharagwe kabla vita havijafika shambani. Vita vikatangulia. Mtoto akatembea na majirani waliokimbia hadi Mweso, na mama yake, Emérita, alipomkumbatia aliuliza jambo moja tu: "Papa iko wapi?"

Mavuno yakaja, yakapita. Kila aliyemshauri akae kilio, Emérita alimjibu, "Kama amekufa, nani alimuvalisha mutoto koti?" Kwao mume akifa, mjane na watoto hunyolewa vichwa. Yeye hakunyoa, wala hakumnyoa binti yake. Nywele hizo zilikuwa neno lake mbele ya watu, na mbele ya Mungu pia: Nsengimana yu hai.

Shemeji yake Hakorimana alichoka. "Shemeji, unafuga nywele sawa bibi-arusi! Kuku asiporudia magaribi, tunajua kicheche amekula."

"Bwana yangu haiko kuku, Papa Hakorimana."

Asubuhi moja Emérita, Shekinah na Hakorimana walikuwa ndani ya kanisa, ambamo muuguzi Thacienne na wenzake kutoka Goma walikuwa wakipima watoto waliozibwa midomo na vita. Juu ya meza palikuwa na kofia nyeusi iliyojaa taa ndogo, na nyuzi zake zikiingia kwenye mashine.

"Mama," Thacienne akasema, "kule kwenu, ukiona nyumba mbili, moshi yao inapanda pamoja na kushuka pamoja, siku kwa siku, unasema nini?"

"Wanaombana moto."

"Njo vile. Mwanga ya hii kofia, macho haiione. Inaingia kidogo mu kichwa, inarudia na habari ya damu. Sehemu mbili za ubongo, damu yao ikipanda na kushuka pamoja, tunajua zinasaidiana. Tunataka kuona kama ile ya kusikia na ile ya kusema zingali zinaombana moto."

"Itamuponyesha?"

"Hapana. Itatuonyesha pa kuanzia tu." Akazitenga nywele za Shekinah huku na huku, akajaribu kofia, akatazama mashine, akatikisa kichwa. "Nywele iko nzito, inakula mwanga. Itabidi tumunyoe. Na kesho tunaenda Walikale."

Bwana, Emérita akaomba kimoyomoyo, nikimnyoa, nimemzika baba yake kwa mkono wangu. Nisipomnyoa, nimemzika yeye angali anapumua.

"Kumbe ilingoja mashini ya Goma njo usikie!" Hakorimana akacheka mlangoni.

"Nyamaza! Hii ni ya dawa, haiko ya kilio." Emérita akamwinamia mtoto. "Shekinah, mama yangu, ni juu ya mashini tu. Umesikia?"

Thacienne akanyoa taratibu. Nywele zikaanguka sakafuni. Ilipokwisha, Shekinah akashuka kwenye benchi, akalivua koti la baba yake, lile ambalo hakukubali hata lifuliwe, akalitandaza chini. Akaziokota nywele zake, fungu kwa fungu, mpaka haukubaki hata mmoja wa kukanyagwa. Akalikunja koti juu ya nywele hizo.

Nywele za kilio hazikanyagwi. Hukusanywa zikafukiwa chini ya mgomba. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Hakorimana, mtu wa maneno siku zote, akavua kofia yake.

"Sasa akae tu," Thacienne akasema kwa upole, akimvika Shekinah kofia ya taa. "Asifanye kitu. Na wewe Mama, usiseme kitu."

Mama na mtoto wakakaa wakitazamana, mistari ikipanda na kushuka kwenye mashine. Emérita hakuwa amewahi kukaa mbele ya binti yake hivyo, bila kumwuliza. Papa iko wapi? Alisema atakuja lini? Siku zote alikuwa ameuliza habari za mtu aliye hai. Mtoto aliyejua vingine angejibu nini, asimvunje mama yake?

Kofia ikavuliwa. "Sitakudanganya, Mama," Thacienne akaanza, "mistari inaonyesha kitu, lakini lazima tuisome vizuri kwanza..."

Emérita hakumsikia. "Shekinah. Ulimuona Papa anaanguka?"

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

"Alikuvalisha koti mbele ya kuanguka?"

Akaitikia tena, na machozi yakamtoka bila sauti.

Emérita akaketi kwenye benchi, mahali pale pale alipokuwa ameketi mtoto. Akafungua kitambaa chake cha kichwa.

"Papa Hakorimana," akasema, "leta wembe."

Shekinah akatoka na koti, akazimwaga nywele zake chini ya mgomba nyuma ya kanisa, akazifukia. Kisha akarudi nalo, akalitandika miguuni pa mama yake.